Onyo la Bata Lililochelewa Kufika Makueni

Mwaka 1981, katika sehemu za Makueni, Kenya, ambazo wakati huo zilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Machakos, hua walianza kufa kwa wingi. Baada yao wakafa mbwa. Kati ya Machi na Juni ikawa zamu ya watu: wagonjwa 20 wenye macho ya manjano na ini lililoharibika walilazwa katika hospitali tatu za wilaya hiyo, na 12 kati yao wakafariki. Mahindi ya nyumbani kwao yalipopimwa, yalikutwa na aflatoksini, sumu ya kuvu, iliyofikia mikrogramu 12,000 katika kila kilo. Kisa hicho kilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet, kikasomwa na wataalamu wa dunia nzima. Hata hivyo, mwaka 2004 sumu ileile ilirudi katika ardhi ileile na kwa nafaka ileile, ikawafanya watu 317 waugue na kuwaua 125 kati yao, wengi wao Makueni na Kitui. Hua na mbwa walikuwa wametangulia kusema, kama walivyotangulia bata, samaki na panya wa maabara miaka 20 kabla yao. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba wanyama hao walitueleza mambo mawili kuhusu chakula na saratani. Moja lilikuwa onyo juu ya sumu iliyo ndani ya nafaka. La pili lilikuwa tumaini kwamba aina fulani za mafuta zinaweza kumkinga mlaji. Onyo limethibitishwa kwa binadamu, tumaini halijathibitishwa, na bado ni tumaini hilo linalopendwa kusimuliwa.

Historia yenyewe huanzia Uingereza mwaka 1960, walipokufa vifaranga wa bata mzinga zaidi ya 100,000 katika muda wa miezi michache. Kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo, ugonjwa ule ulipewa jina la herufi X. Uchunguzi ulielekea kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili na kuchanganywa katika chakula cha ndege. Mara nyingi simulizi huishia hapo, kana kwamba jambo hili lilikuwa la Waingereza na Wabrazili tu. Lakini mwaka huohuo, nchini Kenya, bata wachanga wengi walikufa baada ya kulishwa chakula chenye karanga zilizooza, na karanga kutoka Uganda ni miongoni mwa zile zilizowawezesha watafiti kumkamata mhusika: kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Herufi ya kwanza ya jina la kwanza na silabi ya kwanza ya jina la pili ndizo zilizozaa neno aflatoksini, ambayo majirani zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Afrika Mashariki, basi, ilikuwa ndani ya kisa hiki tangu siku za mwanzo. Tena bata ndiye aliyekuwa kipimo cha kwanza: kabla ya mashine za kupimia kuenea, watafiti walimlisha bata wa siku moja kiasi cha kitu kinachoshukiwa, kisha wakachunguza ini lake na kuangalia jinsi mirija ya nyongo ilivyozidi kuota.

Kifo cha bata kilikuwa cha haraka, na kama mambo yangeishia hapo, aflatoksini ingebaki kuwa tatizo la wafugaji. Kilichobadilisha kila kitu ni panya. Mwaka 1961, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya panya waliolishwa mashudu yenye sumu, asilimia 20 ya chakula chao, kwa miezi sita. Kati ya panya 11, tisa walipata uvimbe wa ini. Mwaka 1974 Gerald Wogan na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa kipimo kilicho kikali zaidi. Waliwalisha panya kiasi tofauti cha aflatoksini safi kwa maisha yao yote. Waliopewa mikrogramu 100 kwa kilo ya chakula walikuwa 28, na wote 28 wakapata saratani ya ini. Hata katika kundi la mikrogramu moja tu kwa kilo, panya wawili kati ya 22 walikuwa nayo. Takwimu hizo ziwekwe kando ya zile za Ukambani, yaani Makueni, Kitui na jirani zao. Mwaka 2004, sampuli 350 za mahindi na unga zilikusanywa kutoka masoko 65 katika wilaya zilizoathirika. Asilimia 55 zilizidi kiwango cha mikrogramu 20 kilichoruhusiwa Kenya wakati huo, asilimia 35 zilizidi 100, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Yaani zaidi ya theluthi moja ya mahindi yaliyokuwa yakiuzwa sokoni ilivuka kile kiwango kilichompa saratani kila panya wa Wogan.

Mafuta yaliingia katika hadithi hii kupitia samaki. Mwaka huohuo wa 1960, trauti waliokuwa wakifugwa katika mabwawa ya magharibi mwa Marekani walikutwa na saratani ya ini kwa wingi usioelezeka. Chakula chao kilikuwa na mashudu ya mbegu za pamba, na ndani yake kulikuwa na aflatoksini. Russell Sinnhuber na wenzake katika chuo kikuu cha jimbo la Oregon walishuku kwamba sumu peke yake haikutosha kueleza ukubwa wa balaa hilo, na mwaka 1968 walionyesha kwamba asidi za mafuta za pekee zilizomo katika mbegu za pamba, zenye pete ndogo ya kaboni tatu katika umbo lake, huzidisha sana saratani inayoletwa na aflatoksini katika ini la trauti. Baadaye ilionekana kwamba moja ya asidi hizo inaweza kumletea samaki huyo saratani hata bila aflatoksini. Mkazi wa Kibwezi au wa kusini mwa Kitui ana sababu ya kulisoma jambo hili mara mbili, maana asidi za jamii hiyohiyo zimo katika mafuta ya mbegu za mbuyu, mti unaotawala nyanda zile. Hapa tahadhari inahitajika, na hofu haihitajiki. Watu wetu hula unga mchachu wa tunda na kumumunya mbegu. Mafuta yenyewe yanayokamuliwa huuzwa zaidi kwa kupaka ngozi na nywele, na moto mkali huzivunja asidi hizo. Ninachokitaka msomaji akishike ni hiki: ndani ya maabara, mafuta hayakuwa kitu kimoja chenye tabia moja. Yalikuwa na uwezo wa kuongeza ukali wa sumu.

Hilo halikuwa geni kwa waliofuatilia utafiti wa wanyama. Tangu mwaka 1942, Albert Tannenbaum wa Chicago alikuwa ameonyesha kwamba panya wa jamii ndogo waliolishwa mafuta mengi walipata uvimbe wa matiti zaidi ya wenzao. Miaka ya 1970, Kenneth Carroll huko Kanada akaongeza kwamba aina ya mafuta nayo ina uzito wake: mafuta ya mahindi, yenye asidi ya linoleiki kwa wingi, yaliuchochea uvimbe wa matiti ya panya kuliko mafuta ya nazi. Kisha likaja jambo lililowashangaza wengi. Michael Pariza, katika chuo kikuu cha Wisconsin, alikuwa akitafuta kemikali za hatari katika nyama ya ng'ombe iliyochomwa, akakuta pia kitu kinachozuia madhara hayo. Mwaka 1987 kundi lake lilitangaza kwamba kitu hicho ni asidi ya linoleiki iliyopangwa upya viungo vyake, ambayo wataalamu huifupisha kwa herufi CLA. Mwaka 1991 Clement Ip, katika taasisi ya saratani ya Roswell Park mjini Buffalo, aliichanganya katika chakula cha panya waliopewa kemikali ya kuleta saratani ya matiti. Kwa asilimia 0.5 ya chakula, idadi ya uvimbe ilipungua kwa asilimia 32. Kwa asilimia 1 ikapungua kwa 56. Kwa asilimia 1.5 ikapungua kwa 60. Katika historia ya vyakula na saratani ni nadra kuona ngazi safi namna hiyo, na mtu yeyote mwadilifu lazima akiri kwamba matokeo yale yalistahili kufuatiliwa.

Tena yalikuwa na mvuto wa pekee kwa nchi ya wafugaji. Asidi hii hutengenezwa na bakteria walio katika tumbo la kwanza la wanyama wanaocheua, na mnyama anayekula majani mabichi huwa nayo zaidi kuliko anayefungwa zizini na kulishwa nafaka. Mbuzi wa Mutomo na ng'ombe wa Mwingi wanaolisha vichakani wangeweza kuonekana kuwa duka la dawa linalotembea. Lakini tufanye hesabu. Gramu moja ya mafuta ya maziwa huwa na takriban miligramu 5 za asidi hiyo. Mtu anayekula chakula kikavu cha nusu kilo kwa siku, akitaka kufikia kile kiwango cha chini cha panya wa Ip, angehitaji gramu 2.5 za asidi hiyo, yaani nusu kilo ya mafuta ya maziwa, au lita 12 za maziwa kila siku. Hata tukisema malisho mabichi yaliongeze lile fungu mara tatu, bado ni lita nne kwa kila mtu, watoto kwa wazee, katika eneo ambalo kiangazi humaliza maziwa kabla hakijamaliza maji. Na si kiasi peke yake kinachotia shaka. Uchunguzi mkubwa wa wanawake wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2002 haukupata dalili kwamba waliokula zaidi asidi hii walikingwa dhidi ya saratani ya matiti. Mwaka 2007, utafiti wa Marekani ukaonyesha kwamba aina mojawapo ya asidi hiyohiyo ilichochea saratani ya matiti katika panya waliobadilishwa chembe zao za urithi. Kinga kwa mnyama mmoja iligeuka kichocheo kwa mwingine.

Hapo mpinzani ana haki ya kunibana. Ikiwa nasema panya hawatoshi kututhibitishia faida ya mafuta, kwa nini watoshe kututhibitishia ubaya wa aflatoksini? Mbona panya wa jamii ndogo, akiwa amekomaa, huihimili sumu hiyo kwa kiwango kinachomuua bata, kwa kuwa ini lake lina kimeng'enya cha kuifunga na kuitoa? Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake halimo maabarani. Limo katika wilaya ya Murang'a, hapa Kenya. Mwaka 1973 F. G. Peers na Allen Linsell walichapisha utafiti uliolinganisha maeneo ya juu, ya kati na ya chini ya wilaya hiyo. Walichukua sampuli za chakula kilichopikwa katika nyumba za watu, wakapima aflatoksini, kisha wakaangalia waliougua saratani ya ini. Sumu ilipozidi, saratani nayo ilizidi. Huko Shanghai, wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa, na ripoti ya mwaka 1994 ikaonyesha kwamba mwenye alama za aflatoksini katika mkojo alikuwa katika hatari ya saratani ya ini mara 3.4 kuliko asiye nazo. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, mara 7.3, mwenye vyote viwili, mara 59.4. Mwaka 1991 ilikuwa imegunduliwa kwamba uvimbe wa ini kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika ulibeba jeraha lilelile, mahali palepale pa jeni inayozuia seli kukua ovyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aflatoksini katika kundi la visababishi vya uhakika vya saratani kwa binadamu mwaka 1987. Tofauti iko hapo. Onyo la bata na panya lilifuatwa hadi kwenye sahani, mkojo na jeni za watu, likasimama. Ahadi ya mafuta ilifuatwa hadi kwa watu, ikapotea njiani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa mtu wa Makueni: waliokufa mwaka 2004 hawakufa kwa saratani. Walikufa kwa ini lililoungua katika siku au wiki chache. Ni kweli, na mauti yao yasitumiwe kupamba hoja isiyowahusu. Lakini sumu ni moja, na njia zake mbili zilionekana maabarani mapema. Mwaka 1968, Madhavan na Gopalan wa Hyderabad, India, walilinganisha panya waliopewa aflatoksini pamoja na protini nyingi na wale waliopewa protini kidogo. Wenye protini kidogo waliharibikiwa na ini upesi. Walioshiba protini ndio waliopata saratani baadaye. Sitaki kuhamisha matokeo hayo moja kwa moja kwa binadamu, kwa kuwa nimeshakataa kufanya hivyo kwa asidi ya mafuta. Hata hivyo yanatuzuia kudhani kwamba aliyeokoka mwaka 2004, au aliyekula kidogokidogo kabla na baada ya mwaka huo, amemalizana na sumu hii. Uchunguzi wa wagonjwa 40 na watu 80 wenye afya, uliofanywa wakati wa mkasa, ulionyesha pia kwamba waliougua walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B mara nyingi zaidi. Kenya ilikuwa imeanza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo mwishoni mwa mwaka 2001 tu. Kwa hiyo karibu kila mtu mzima wa Kitui na Makueni aliingia mwaka ule bila chanjo hiyo, akiwa na mahindi yenye sumu nyumbani.

Nyumbani, hasa. Mkasa wa 2004 ulifuata ukame, kisha mvua isiyo ya msimu iliyokuta mahindi yakivunwa. Kwa kuwa chakula kilikuwa haba na wezi waliogopwa, familia nyingi ziliyatoa mahindi kwenye ghala la nje lililoinuliwa juu ya ardhi, ambako upepo hupita, zikayarundika ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Katika joto na giza la chumba cha kulala, kuvu ilipata kila ilichohitaji. Uchunguzi ule wa wagonjwa ulikuta kwamba kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ni miongoni mwa tofauti kubwa kati ya waliougua na wasiougua. Mahindi ya waliougua yalikuwa na wastani wa mikrogramu 354 kwa kilo, ya wenzao 44. Hata hao wa afya, basi, walikuwa wakila zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sheria. Mwaka 2007 Claudia Probst na Peter Cotty walitambua kwamba kuvu iliyotawala mahindi yale ilikuwa ya aina ya S, inayotoa sumu nyingi kuliko ndugu zake. Hakuna mafuta, ya mbuzi wala ya samaki, ambayo yangemsaidia mtu mbele ya rundo hilo.

Liko pingamizi moja ambalo silipingi, ila nataka liwekwe mahali pake. Kuna kitu kilichoongezwa kwenye chakula cha mnyama, kikaonekana kukinga, na baadaye kikafanya kazi kwa mtu. Ni klorofilini, rangi ya kijani ya majani iliyobadilishwa kidogo, ambayo George Bailey na wenzake wa Oregon waliijaribu kwa trauti walewale waliotufunza juu ya mbegu za pamba. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima 180 wa Qidong, ambamo nusu yao walimeza miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne, na alama ya uharibifu wa jeni unaotokana na aflatoksini katika mkojo wao ikapungua kwa asilimia 55. Ni mafanikio. Lakini tazama namna inavyofanya kazi: huikamata sumu tumboni kabla haijanyonywa. Hata ikiongezwa mezani, kazi yake ni ileile ya kumwondolea mtu sumu, na inabakiza karibu nusu.

Akina mama wa Ukambani wamekuwa wakipata takriban punguzo kama hilo kwa kinu. Muthokoi hutengenezwa kwa kulowanisha mahindi kidogo, kuyatwanga kwa mchi hadi ganda na kiini vitengane na punje, kisha kupepeta makapi kwa ungo na kubaki na punje nyeupe za kuchemsha pamoja na maharagwe au kunde. Watafiti wa Kenya walipopima hatua hizo, waliona kwamba kukoboa peke yake hupunguza aflatoksini kwa karibu nusu, kwa sababu sumu hukaa zaidi katika sehemu za nje na kiini. Mahindi yenye mikrogramu 40 yanaweza kushuka hadi karibu na 20. Yenye 1,000 hubaki na 500, na huko muthokoi hauokoi mtu. Tena yale makapi hayatupwi. Huenda kwa kuku, mbuzi na ng'ombe.

Na kwa ng'ombe ndipo mambo mawili ya historia hii yanapokutana. Mapema miaka ya 1960 ilionekana kwamba maziwa ya ng'ombe waliokula mashudu yenye sumu yalimdhuru bata mchanga. Aflatoksini huingia katika maziwa ikiwa imebadilika umbo kidogo, ikishikamana na protini yake. Maziwa yaleyale yanayosifiwa kwa asidi yake ya kukinga saratani, yakitoka kwa ng'ombe aliyelishwa mahindi yaliyokataliwa na watu, humpelekea mtoto mabaki ya sumu ambayo mama aliipepeta kwa ungo. Anayeshauri kwamba mifugo wapewe nafaka mbovu hajaiondoa sumu nyumbani, ameizungusha tu.

Mwenye njaa hawezi kuambiwa atupe gunia lake la mwisho, na sijaona hoja ya kitaalamu inayoweza kusimama mbele ya ukweli huo. Ndiyo maana kazi inapaswa kufanyika kabla gunia halijajazwa. Tangu mwaka 2015 Kenya imeidhinisha Aflasafe KE01, punje za mtama zilizopakwa kuvu wa Aspergillus flavus wasioweza kutoa sumu, ambao humwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, kilo nne kwa ekari, ili waitangulie ile aina ya S na kuinyima nafasi. Inatengenezwa hapohapo jirani, katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos. Mvua ya vuli, ambayo ndiyo tegemeo la Kitui na Makueni, huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo dawa hiyo hununuliwa mwishoni mwa Novemba au Desemba, mkulima akiwa ameshatumia pesa zake za mbegu na anasubiri ada za shule za Januari. Mkulima wa ekari mbili hapaswi kuachiwa uamuzi huo peke yake. Serikali za kaunti mbili hizi zinajua mwezi, zinajua vijiji vilivyoandikwa katika ripoti za 1981 na 2004, na zina maafisa wa kilimo wa kuipeleka. Kinachotakiwa ni iwe katika bajeti ya kila vuli, pamoja na turubai za kuanikia, magunia yasiyopitisha hewa na kipima unyevu kimoja kwa kila soko.